Mpanda baiskeli wa sadaka akichoka, apande gari?

Kuna swali ambalo kwa juu juu linaonekana ni la wanamichezo, lakini ukilichimba utalikuta ni la fiqhi na la akhlaqi. Mtu amejitolea kuendesha baiskeli masafa marefu ili watu wachangie wagonjwa. Jua ni kali, amekwisha kata kilometa 130, upepo wa mbisho unampiga kifuani, misuli ya mapaja imekaza na maji aliyokunywa ameyatapika. Nyuma yake linakuja gari la huduma lenye nafasi. Je, apande? Na akipanda, atakuwa amewadanganya waliochanga kwa ajili yake?

Misafara ya namna hii ipo na inakusanya fedha nyingi. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, upo uitwao Pan-Mass Challenge, ulioanzishwa mwaka 1980 na Billy Starr, mtu ambaye mama yake alifariki kwa saratani. Mwaka ule walikuwa wapanda baiskeli 36, wakapata dola zipatazo 10,000 kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Dana-Farber iliyoko Boston. Kufikia mwaka 2024 jumla ya walichokusanya tangu mwanzo ilikuwa imepita dola bilioni 1. Wanaofuata njia ndefu, kutoka Sturbridge hadi Provincetown kwenye ncha ya Cape Cod, hukata karibu kilometa 300 kwa siku mbili za mwezi wa Agosti, na siku ya kwanza peke yake ni zaidi ya kilometa 170. Hapa kwetu, Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianzisha Kili Challenge mwaka 2002 kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Wapo wanaopanda Kilimanjaro kwa miguu, mita 5,895, na wapo wanaouzunguka mlima kwa baiskeli. Aliyewahi kupita upande wa Rombo anaijua barabara ile inavyopanda na kushuka makorongo. Hata abiria wa basi huchoka, seuze mwenye pedeli.

Swali hili niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tano. Wengi walisema asipande, aendelee hata kama ni kwa kutambaa, na mmoja akaleta hoja nzito. Alisema Mtume (s.a.w.) alimweleza Bibi Aisha (r.a.) kuhusu umra yake kwamba ujira unakwenda kwa kadiri ya tabu na matumizi ya mtu. Basi, akasema kijana yule, kila maumivu yakizidi na sadaka inazidi.

Hadithi hiyo ni sahihi. Lakini haikuja peke yake. Imepokewa kwa Ibn Abbas katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akihutubia, akamwona mtu amesimama. Alipouliza akaambiwa huyo ni Abu Israil, ameweka nadhiri asikae, asijifunike na jua, asiseme na mtu, na afunge. Mtume akaamuru aambiwe aseme, aingie kivulini, akae, na saumu yake aitimize. Na mzee mwingine aliyekuwa akikokotwa na wanawe wawili kwa sababu aliweka nadhiri ya kwenda Makka kwa miguu, Mtume alieleza kuwa Allah hana haja na mtu huyo kujitesa, akamwamuru apande mnyama.

Hebu tulitazame vizuri lile la Abu Israil. Jua liliondolewa, saumu ikabaki. Saumu nayo ina njaa na kiu, kwa hiyo hatuwezi kusema dini inakimbia tabu. Kilichobaki ni ibada ambayo tabu imo ndani yake, na kilichoondolewa ni tabu ambayo ndani yake hamna kitu. Imamu Shatibi, aliyefariki mwaka 790 Hijria, amelifafanua jambo hili kwa urefu katika al-Muwafaqat: mja hana ruhusa ya kuikusudia mashaka kwa kuwa ni mashaka, bali anakusudia amali, na ikiwa amali ile kwa maumbile yake ni nzito, basi ujira wake nao ni mkubwa.

Sasa turudi barabarani. Amali ya mpanda baiskeli wetu ni ipi? Ni kuwatafutia wagonjwa fedha. Katika msafara ule wa Massachusetts kila mshiriki anajifunga kufikisha kiwango fulani cha fedha, na kiwango hicho hakishuki kwa kuwa kilometa za mwisho alizimalizia ndani ya gari. Hospitali haipotezi hata senti. Anachokipoteza yeye ni medali na sifa ya kusema nilimaliza. Ikiwa ni hicho ndicho kinachomzuia kupanda gari huku anatapika, basi saa ile hayuko tena kwa ajili ya wagonjwa, japo fulana yake bado ina jina lao. Wala tusilinganishe maumivu yake na ya mgonjwa wa saratani, kama wanavyopenda kufanya watangazaji. Yeye jioni ataoga, atakula na kulala.

Lakini mimi naona lawama kubwa haimwangukii yeye. Kwa nini ilibidi atoke jasho ndipo sisi tutoe? Jirani anayesafishwa figo amekuwa mtaani miaka yote, na Surat al-Baqara, aya ya 273, imetutajia mafukara ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Huyo haendeshi baiskeli. Ni kweli kwamba aya ya 271 imeisifu hata sadaka ya wazi, na mtu mmoja juu ya baiskeli huweza kuwaamsha mia waliolala. Hiyo ni faida yake na siidharau. Ila tukifika mahali ambapo hatutoi mpaka tuone mtu anateseka, tutakuwa tumegeuka watazamaji wenye kulipa kiingilio.

Liko la mwisho, la waliochanga. Aliyetoa fungu zima kwa ajili ya wagonjwa, sadaka yake imefika. Aliyeahidi kiasi fulani kwa kila kilometa, huyo aambiwe ukweli: zilizoendeshwa ni 130 na si 170. Kumficha ndiko kungekuwa udanganyifu, wala si kule kupanda gari. Akikataa kulipia zile 40 zilizobaki, ni haki yake, hajavunja ahadi. Ningependa tu kumuuliza alikuwa anamchangia nani.