Mnunuzi na Mchukuzi: Juu ya Ugomvi wa Mashine za Michezo

Miongoni mwa mambo yanayodharauliwa na wenye hekima ni ugomvi wa vijana juu ya vitu vya kuchezea. Mzee akisikia kwamba watu wazima, wengine wenye wake na watoto, wamekesha wakibishana juu ya mashine ya michezo ya video ambayo hapana hata mmoja wao aliyekwisha kuigusa, hutikisa kichwa akasema kwamba dunia imekosa kazi. Maneno yake yana haki, maana mashine hiyo hailimi wala haipiki. Lakini ugomvi haupimwi kwa kitu kilichouleta tu. Hupimwa pia kwa haki iliyojificha ndani ya kitu hicho. Watu wamepata kushtakiana barazani kwa ajili ya mpaka wa shamba usiozidi upana wa jembe, na hapana aliyedhani kwamba walikuwa wakigombea udongo.

Kampuni tatu ndizo zenye sauti kubwa katika kazi hii: Sony na Nintendo za Japani, na Microsoft ya Marekani. Kila baada ya miaka kadhaa kila moja hufunua mashine mpya mbele ya ulimwengu, kwa shangwe ya mfano wa harusi, na kabla shangwe haijatulia wachezaji huwa wamekwisha kugawanyika. Tarehe 10 Septemba 2024 Sony ilifunua PlayStation 5 Pro. Bei yake katika Marekani ilikuwa dola 699.99, yaani zaidi ya shilingi 1,800,000 kwa thamani ya wakati ule, kabla ya nauli na ushuru. Walioisifu walitaja uzuri wa picha na wepesi wa mwendo. Walioilaumu walitaja bei, na baada ya bei wakataja jambo jingine, nalo ni kwamba mashine haikuwa na mahali pa kutia diski. Aliyetaka sehemu hiyo alitakiwa kuinunua mbali.

Jambo hilo la pili lilionekana kuwa dogo kuliko la kwanza. Hapa litachukuliwa kuwa ndilo kubwa, na ili ukubwa wake uonekane ni vema kuondoka katika nchi za wanunuzi matajiri na kutazama mambo kutoka mji ambao hapana kampuni iliyoukumbuka siku ya shangwe.

Isaka ni mji mdogo katika Wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, kando ya reli itokayo Tabora hadi Mwanza, reli iliyofika ziwani mwaka 1928. Sifa yake yatokana na bandari kavu. Makontena yaliyoshushwa melini Dar es Salaam huletwa mpaka Isaka kwa behewa, kisha hupakiwa katika malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Mwaka 2021 ujenzi wa reli mpya ya kilomita 341 kutoka Isaka hadi Mwanza ulianza, na kwa hiyo mji wa kupita umezidi kuwa mji wa kupita. Utingo husubiri mzigo. Kijana aliyetoka kubahatisha katika machimbo ya dhahabu husubiri gari la kumrudisha kwao. Mwanafunzi aliyefunga shule husubiri muda upite.

Katika miji ya namna hiyo, po pote Tanzania, hakikosekani kibanda cha gemu. Ni chumba kimoja chenye televisheni, benchi, na mashine ambayo aghalabu ni ya kizazi kilichopita au cha kabla yake. PlayStation 2, iliyotolewa Japani mwaka 2000 na kukoma kutengenezwa kati ya mwaka 2012 na 2013, iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na nyingi katika hizo zilipokwisha kuchosha nyumba za kwanza zilianza maisha ya pili katika vibanda. Mchezo upendwao ni wa mpira. Mchezaji hulipa sarafu, hukaa, na akifungwa humpisha mwenziwe. Hivyo mashine moja, iliyokusudiwa sebule ya mtu mmoja, hutumika kwa mtaa mzima, na diski moja hupita mikononi mwa watu ambao mtengenezaji hakuwahesabu wala hakuwaota.

Wako wasemao kwamba kosa la wachezaji ni mgawanyiko wenyewe: kwamba mtu kujifunga upande wa Sony au upande wa Nintendo kama ajifungavyo upande wa ukoo wake ni utumwa wa akili. Usukuma hauwezi kuikubali hoja hiyo kwa urahisi. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa Kisukuma wamekuwa na pande mbili, Bagika na Bagalu, zinazonasibishwa na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande hizo hukutana uwanjani, kila mmoja na manju wake, na kwa wakati mmoja hupiga ngoma zao. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna hakimu ila miguu ya watazamaji. Kila upande huja na jambo jipya lililofichwa mpaka siku yenyewe, na upinzani huo, japokuwa umepata kuleta chuki, ndio uliozikuza ngoma hizo. Mgawanyiko basi si ubaya wa asili.

Tofauti iko mahali pengine. Mtazamaji wa ngoma akichoshwa na Bagika huvuka uwanja akaenda kwa Bagalu, na katika kuvuka hapotezi kitu. Mchezaji aliyenunua michezo ishirini kwa ajili ya mashine ya kampuni moja hawezi kuvuka hivyo. Michezo yake haitambuliki upande wa pili, na akihama huiacha nyuma kama mtu aliyekimbia nyumba. Kwa sababu hiyo sifa nyingi zinazomiminwa siku ya kufunuliwa kwa mashine si sifa safi. Ni utetezi wa fedha zilizokwisha kutolewa. Asifuye hujisifu mwenyewe kwa kuchagua vema, na alaumuye mara nyingi hulaumu kwa uchungu wa mtu ambaye mlango umefungwa naye yumo ndani. Hilo halifanyi lawama yake kuwa ya uongo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2013. Tarehe 21 Mei Microsoft iliifunua Xbox One, na katika siku zilizofuata ikaeleza masharti yake: mashine ingepaswa kuonana na kampuni kwa njia ya intaneti angalau mara moja katika kila saa 24, na kuuza au kumpa mtu mwingine diski iliyokwisha kutumika kungewekewa mipaka. Wachezaji wakagawanyika mara moja. Watetezi walisema kwamba dunia inakwenda huko, na kwamba mtu wa kisasa hawezi kukosa intaneti. Walalamikaji walikuwamo hata askari wa majini wa Marekani, ambao wakiwa baharini hawana njia ya kutimiza sharti hilo. Mkuu wa kazi hiyo katika kampuni, Don Mattrick, alipoulizwa habari za wasio na intaneti, alijibu kwamba kwao ipo mashine ya zamani, Xbox 360. Sony ilikuwa imekwisha kuona mwanya. Katika maonyesho ya Los Angeles mwezi Juni ilitoa picha fupi ya kufundisha namna ya kumwazima mwenzio mchezo katika PlayStation 4: mtu mmoja anampa mwingine, mwingine anapokea, basi. Na ukumbini, Sony ilipotamka kwamba diski za PlayStation 4 zaweza kuuzwa na kuazimwa, makofi yalilipuka. Tarehe 19 Juni Microsoft ikayaondoa masharti yale.

Yafaa kuyatafakari makofi hayo. Watu walipiga makofi kwa kuahidiwa jambo ambalo kila mtoto wa Isaka hulifanya bila kufundishwa. Jambo likianza kushangiliwa ni dalili kwamba limekwisha kuwa hatarini. Na jibu la Mattrick, ingawa liliwachoma Wamarekani, lilikuwa na ukweli ambao hakuukusudia: watu wa vibandani walikuwa wanaishi na mashine za zamani miaka mingi kabla hajawashauri. Xbox One ilipotoka Novemba mwaka huo, ilianza katika nchi 13, na katika hizo hapakuwa na hata moja ya Afrika.

Kiini cha ugomvi basi ni swali la kale: kitu kilichonunuliwa ni cha nani? Watu wa bandari kavu wamezoea kuona tofauti ambayo watu wa miji mikubwa huenda wameisahau. Dereva wa lori hulibeba kontena mamia ya maili. Hulala nalo, hulilinda, akiharibikiwa njiani huulizwa yeye. Lakini limefungwa kwa lakiri ya forodha, na lakiri si yake kuivunja. Mzigo uko mikononi mwake nao si mali yake. Huyo ni mchukuzi. Mnunuzi ni yule aliye mwisho wa safari, ambaye lakiri huvunjwa mbele yake, naye akipenda hutumia, akipenda humpa jirani, akipenda hukiacha kitu chake kioze. Mchezo uliopakuliwa kwa intaneti humfanya mnunuzi kuwa mchukuzi. Amelipa bei ya mwenye mali, amepewa haki za dereva.

Hii si fumbo tupu. Kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilifunga mitambo ya mchezo wake wa magari uitwao The Crew tarehe 31 Machi 2024, na tangu siku hiyo hata aliyekuwa na diski mkononi hakuweza kuucheza, kwa sababu mchezo ulitegemea kuunganishwa na mitambo hiyo. Mwaka ule ule jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayowataka wenye maduka ya namna hii wamwambie mteja waziwazi kwamba anachopata ni ruhusa, si mali. Ni sheria ya kiungwana, lakini haibadili jambo. Inamwambia mchukuzi jina lake tu.

Upande wa pili una hoja, na haifai kuipita kwa haraka. Mchezo ni kazi ya mamia ya watu kwa miaka kadhaa: wachoraji, watunzi wa muziki, waandishi wa programu. Diski moja ikihudumia mtaa, mtunzi hulipwa mara moja kwa vicheko elfu. Tena vibanda vyetu vya Afrika Mashariki havina mikono safi. Diski nyingi zilizochezwa humo katika miaka ya PlayStation 2 hazikuwa za asili. Zilikuwa nakala zilizochomwa na kuuzwa kwa bei ya mkate, na mashine zilifunguliwa na mafundi ili zikubali nakala hizo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na kwa sheria hiyo jambo hilo halina jina zuri. Mtu aliyeishi kwa nakala akisimama kudai haki za mnunuzi huweza kuulizwa alinunua nini.

Hata hivyo hoja hii inachanganya matendo mawili. Kunakili ni kufanya kitu kimoja kiwe viwili. Kuazima ni kukihamisha kimoja kutoka mkono hadi mkono, na anayeazima hukikosa kwa muda wote ambao mwenzake anacho. Ukosefu huo ndio gharama yake, na ndio unaofanya kuazima kuwa tendo la wema badala ya wizi. Aliyenakili hakumpa mtu kitu cho chote, maana hakupungukiwa. Mtengenezaji anayo haki ya kukataza la kwanza. Alipolikataza kwa kuua na la pili alivuka mpaka, kama mwenye shamba azuiaye wezi wa mahindi kwa kufunga njia ya kisimani. Na kwa watu wa kipato kidogo kuazimana si ubahili. Ni namna ya kuwa na vitu. Kijana asiyeweza kununua zaidi ya diski moja kwa mwaka amecheza kumi, kwa sababu wenzake tisa nao walikuwa na moja moja.

Itasemwa pia kwamba walalamikaji hawana msimamo, na hapo husemwa kweli. Tarehe 2 Aprili 2025 Nintendo ilieleza habari za Switch 2, kwa bei ya dola 449.99 katika Marekani, pamoja na kadi za namna mpya ambazo baadhi yake hazibebi mchezo bali ufunguo tu; kadi yaweza kuazimwa, lakini kila aipokeaye sharti aupakue mchezo upya. Kelele za kutaka bei ishushwe zilijaa siku nyingi. Mashine ikatoka tarehe 5 Juni, na kwa siku nne zikauzwa zaidi ya milioni tatu na nusu. Bila shaka wengi waliopiga kelele walikuwamo katika foleni. Lakini mtu akinunua kwa kunung'unika hajatoa ushahidi kwamba manung'uniko yake yalikuwa ya uongo. Ametoa ushahidi kwamba hakuwa na mlango mwingine. Katika Isaka sharti la kupakua lina uzito wake pia, kwa kuwa mchezo mmoja wa siku hizi huweza kumaliza bando la mwezi kabla haujafika nusu.

Mwenye kibanda akipata habari ya machimbo mapya akataka kuondoka, huuza biashara yake kwa neno moja: televisheni, benchi, mashine, na diski zake ndani ya mfuko. Mnunuzi huzihesabu, huzigeuza kwenye mwanga kutazama mikwaruzo, huomba apunguziwe, kisha siku ile ile hufungua mlango na kuanza kupokea sarafu. Mashine mpya isiyo na mahali pa diski nayo yaweza kuuzwa hivyo, na sanduku litabebwa. Michezo iliyolipiwa itabaki katika akaunti ya yule aliyeondoka, na mikataba ya maduka hayo aghalabu hukataza akaunti kuhamishwa kwa mtu mwingine, awe mnunuzi au mtoto wa kuzaa. Mwenye kibanda mpya atawasha mashine aliyoilipia, na mashine itamwuliza yeye ni nani.