Mavi ya Ng'ombe ni ya Nani?

Huku Bushi hakuna aulizaye maziwa ni ya nani. Ni ya mwenye ng'ombe. Wala hakuna asiyejua kwamba ng'ombe ndiye aliyewapatia wazee wetu udongo: mtu alimpelekea mwami ng'ombe wa kalinzi, akapata shamba lake na la wanawe. Lakini penye shamba la shirika, ambapo jamaa kumi au ishirini hulima pamoja na kila mmoja ana ng'ombe wake, au hana, huzuka ugomvi ambao wengine huucheka: mavi ni ya nani? Mimi siucheki.

Watu husema ng'ombe huleta rutuba. Si kweli kabisa. Ng'ombe haumbi rutuba, huihamisha tu. Mchana hula majani mlimani, tumbo lake lenye vyumba vinne huyasaga, na usiku huacha zizini sehemu kubwa ya nguvu ya majani yale. Mkojo nao usidharauliwe, maana una nitrojeni na potasi nyingi, na mgomba hupenda potasi mno. Ndiyo sababu migomba ya karibu na nyumba hunenepa, na mashamba ya mbali hudhoofika. Kilichonenepesha mgomba kilitoka mlimani.

Na mlima ni wa nani? Kama malisho ni ya wote, basi mwenye ng'ombe watano huchukua kila jioni hata fungu la jirani asiye na ng'ombe, wala hakuna amwitaye mwizi. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, afundisha kwamba ni halali mtu kuwa na mali yake, kwa kuwa kila mtu hutunza zaidi kilicho chake. Lakini katika kuitumia aihesabu kama ya wote, awe tayari kumgawia mhitaji. Fundisho hili tumezoea kulifikiri juu ya fedha na nafaka. Mbona si juu ya mavi?

Mwenye ng'ombe atajibu: «Nani huchunga? Nani hufagia zizi? Nani huamka usiku ng'ombe akizaa?» Ana haki. Torati yakataza kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka, sembuse mtu afanyaye kazi! Kwa hiyo sisemi anyang'anywe yote. Nasema fungu la majani ya wote lirudi katika shamba la wote. Kwa jirani zetu wa Rwanda, tangu mwaka 2006, katika mpango wa Girinka, maskini aliyepewa ng'ombe humpa jirani yake ndama jike wa kwanza. Ikiwa ndama mzima hutolewa, kikapu cha mavi kitashindikana?

Tena wengi wasio na ng'ombe leo si wavivu. Zizi zao zilinyang'anywa katika vita vilivyoanza mwaka 1996.

Lakini asiye na ng'ombe naye ana kazi yake. Alete majani makavu ya kutandika zizini yanyonye mkojo, na shimo la mavi alifunike kwa majani ya migomba, kwa sababu jua hupeperusha nitrojeni, na mvua huosha iliyobaki mpaka bondeni.