Njaa Haingojei Hazina

Somo: Mithali 3:27-28, Matendo ya Mitume 6:1-7



Ibada ikiisha, kabla ya mtu kuuliza habari ya mahubiri, kuna swali linalopita mlangoni kwa sauti ya chini: "Za Inua Jamii zimeingia?" Anayeuliza mara nyingi ni mama ambaye mwanawe amekwisha kuwa mtu mzima, na bado analishwa, anaogeshwa na kugeuzwa kitandani. Chini ya mpango wa Inua Jamii wa watu wenye ulemavu mkubwa, serikali ya Kenya iliahidi nyumba kama yake shilingi 2,000 kwa mwezi, na kiasi hicho kikakaa palepale zaidi ya miaka kumi huku bei ya unga ikipanda. Lakini mama huyu haulizi ni ngapi. Anauliza ni lini.

Kwa miaka mingi malipo haya yametolewa ya miezi miwili kwa pamoja, na vipo vipindi yalivyolimbikizana zaidi ya hapo. Muda huo wote nyumba inaishi kwa daftari la dukani: unga kilo mbili, kipande cha sabuni, mafuta ya taa, nepi za watu wazima. Malipo yakichelewa, unga unashuka hadi kilo moja. Yakizidi kuchelewa, nepi zinaachwa, vinachanwa vitambaa, na mgongo wa mgonjwa unaanza kuchubuka. Siku pesa zinapoingia, zote zinakwenda kufuta deni. Kidonda hakifutiki.

Kwa nini huchelewa? Mara nyingine Hazina ya Kitaifa haijatoa fedha, na wizara husika haiwezi kulipa ambacho haijapokea. Mara nyingine fedha zimetoka, ila jina lililo kwenye kitambulisho halilingani na lililo kwenye akaunti. Au mlezi aliyeandikishwa amefariki, na hakuna aliyekwenda kwa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii kuandikisha mwingine. Au akaunti imelala kwa kukaa bila kuguswa. Au mashine ya wakala imekataa vidole. Mikono iliyofulia watu nguo miaka mingi huchakaa alama zake. Mama anaosha dole gumba kwa sabuni, analipangusa kwa leso, anajaribu tena, anajaribu cha shahada. Foleni nyuma yake inaguna. Wakala anamwomba apishe wengine, aje siku nyingine.

Hapo ndipo Mithali inapotushika. Mwenye hekima anamkanya mtu aliye na kitu karibu naye, ambaye bado anamzungusha jirani kwa ahadi ya kesho. Angalieni anayekanywa ni nani. Huyu hajakataa kutoa. Amekubali, ila kwa siku inayomfaa yeye. Na kabla ya hapo andiko limekwisha kusema kwamba wema huo ni stahili ya mpokeaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, nayo inaibebesha dola jukumu la kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Kwa hiyo mama yule mlangoni hakuja kuomba. Amekuja kuuliza habari ya kilicho chake.

Kanisa la kwanza lilikutana na jambo hili hili pale Yerusalemu. Wajane wa Wayahudi waliozungumza Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Chakula kilikuwapo, ila kilipita milango fulani. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakuwaona wakorofi kwa kunung'unika. Waliita mkutano, wakataka watu saba wenye sifa njema wakabidhiwe kazi hiyo. Someni majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia: yote ni ya Kiyunani. Yaonekana upande uliosahauliwa ndio uliopewa kusimamia ugawaji. Na Luka anaendelea kusimulia kwamba neno la Mungu likaenea. Kwake, orodha ya chakula na Injili hazikuwa mambo mawili.

Basi sisi tufanye nini? Kanisa linalojua tarehe ya harambee miezi mitatu kabla haliwezi kukosa kujua ni nyumba gani katika jumuiya zake zinangoja malipo, na tangu lini. Kila jumuiya iteue watu wa kufuatilia, na miongoni mwao awemo mlezi au mwenye ulemavu mwenyewe. Kazi yao ni nyepesi kuitaja: kuangalia vitambulisho na akaunti mapema, kuhakikisha mlezi ana wa kumpokea akiugua, kumsindikiza anayezungushwa ofisini, na kuandika tarehe ya kila lalamiko. Mfuko wa huruma nao usingoje Krismasi. Ufunguliwe wiki ambazo malipo hayajafika. Na mbunge akija kutusalimu madhabahuni, tumuulize fedha za walemavu zilitolewa lini, kabla ya kumshukuru kwa mchango wake.

Tena nina neno kwa wachache waliomo humu humu kanisani. Wakala anayekata "ya chai" kwenye pesa za mlemavu, na mlezi anayezitumia kwa mambo yake huku mgonjwa akilala na njaa: hamwezi kujificha nyuma ya makosa ya serikali. Rudisheni.

Tuombe. Ee Bwana, unayejua haja yetu kabla hatujafungua kinywa, uwatie haraka wenye saini na funguo za Hazina. Uwatie nguvu walezi ambao hawana zamu ya kupumzika. Nasi utuondolee uzito wa miguu, ili wiki hii, kabla ya Jumapili nyingine, kila mmoja wetu awe amebisha hodi kwenye nyumba moja inayongoja. Amina.