Ungo na Filamu za Uchawi

Sokoni Kariakoo, ungo unapeta mchele. Kwenye filamu zetu, ungo huohuo unapaa usiku na mchawi.

Filamu za kutisha kama Shumileta ya mwongozaji Mussa Banzi zilipoingia sebuleni, wapo wazazi waumini, wa msikitini na wa kanisani, waliosema: zima! Hofu yao ina sababu. Tanzania imewazika vikongwe na watu wenye ualbino waliouawa kwa imani za kishirikina.

Lakini mpeta mchele hamwagi wote. Anakaa. Anatazama. Anatoa chuya.

Mzazi, leo ukitoka kazini, keti na mwanao. Tazama naye. Mwambie lipi hadithi, lipi kweli. Malezi usiiachie televisheni.