Tuwasikilize Binti Zetu



Mwezi huu twaomba mfungue Injili ya Marko, sura ya 5, mstari wa 25 hadi wa 34. Humo twasoma habari za mama aliyetokwa na damu miaka 12. Alikwisha kupona kwa siri, naye angaliweza kwenda zake bila mtu kujua. Lakini Bwana alisimama, akauliza, akangoja, mpaka mama yule akajitokeza na kueleza habari zake mbele ya wote. Kwa nini? Kwa sababu watu wale walikuwa wamemtenga na kumhesabu najisi. Iliwapasa wasikie kwa masikio yao, kisha wamsikie Bwana akimwita binti.

Huku kwetu Mara damu imemwagika kwa siri pia, maana tunasema juu ya ukeketaji wa wasichana. Katika koo zinazoshika desturi hii, wazee wa mila hupanga msimu, na likizo ya Desemba ngariba huanza kazi. Aliyekeketwa huhesabiwa mtu mzima, na ng'ombe wa mahari yake huongezeka. Aliyekataa huchekwa kisimani, na wengine hupigwa na kufukuzwa nyumbani. Tangu mwaka 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Mara wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa.

Bibi Rhobi Samwelly amesimulia hadharani jinsi alivyokeketwa akiwa msichana wa miaka 13, akatokwa na damu nyingi hata akakaribia kufa, na jinsi rafiki yake alivyokufa kwa jambo hilo hilo. Mwaka 2014 Dayosisi yetu ya Mara ilifungua nyumba salama Mugumu, naye akawa msimamizi wake. Mwaka 2017 alianzisha shirika lililofungua nyumba nyingine wilayani Butiama. Wasichana waliosikia kwamba yuko mtu aliyepitia yale yale, tena yuko mlango ulio wazi, walikimbia kwenda huko.

Sasa na sisi tunaoandika maneno haya hatuna budi kuungama. Tulifundisha miaka mingi. Kila Januari tuliona madawati ya wasichana yakiwa matupu, nasi tuliandika "mtoro" katika rejista. Mwaka mmoja, siku chache kabla ya kufunga shule, msichana wa darasa la sita alitujia ofisini. Alisema tu kwamba nyumbani mtama wa pombe ya sherehe umekwisha kulowekwa. Tulielewa vema. Tukamwambia awatii wazazi wake. Januari hakurudi, wala hatukuuliza.

Absalomu alimwambia dada yake Tamari anyamaze (2 Samweli 13). Ndivyo tulivyofanya sisi, tena kwa jina la dini.

Wapo Musoma mjini na Bunda wanaosema kwamba mambo haya ni ya Tarime na Serengeti. Ndugu, mtoto wa mjini hupelekwa kwa bibi yake kijijini wakati wa likizo, naye hupitia stendi zetu hizi hizi.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, tusimlazimishe mtu kusimulia ili tushibishe udadisi wetu. Anayetaka kusema tumsikilize hadi mwisho, na jina lake tusilitangaze sokoni. Pili, msichana akibisha hodi kwa mchungaji, kwa mwalimu au kwa mama wa Umoja wa Mama, asirudishwe. Apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya watoto. Tatu, wasichana walioko nyumba salama wanakula na kusoma. Debe la mahindi, sabuni, madaftari na sare ya shule ni sadaka pia. Nne, akina baba wenye vijana wa kiume waseme wazi mbele ya wazee wenzao kwamba watamposa msichana asiyekeketwa, wala hawatapunguza ng'ombe hata mmoja. Neno hilo la baba laweza kumwokoa mtoto ambaye hajaanza hata kukimbia.

Hatujui aliko msichana yule wa darasa la sita. Kama yu hai, ni mama mtu mzima sasa, na huenda ana binti. Mungu atujalie kwamba siku binti huyo atakapobisha mlango wa kanisa hili, apate atakayemsikiliza.

Ee Bwana, uliyesimama kumngoja mama yule, utusamehe kimya chetu, utufundishe kusimama na kungoja. Amina.