Mzigo wa Lugha Mbili: Bandari, Bara na Haki ya Msemaji

Mji wa bandari wenye lugha mbili, hasa ule wa kubuni, husawiriwa mara nyingi kama mizani iliyotulia: lugha hii upande huu, nyingine upande ule. Usawa huo wa juu juu huficha swali la kimaadili. Suala si idadi ya lugha zinazosikika sokoni. Suala ni nani anayelazimika kujifunza lugha ya mwenzake, na nani anayevuna matunda ya ujuzi huo.

Günter Grass alilidokeza jambo hili katika Die Blechtrommel (1959). Mandhari yake kuu ni Danzig, mji-dola uliokuwa chini ya ulinzi wa Shirikisho la Mataifa kuanzia 1920 hadi 1939, wenye wakazi wengi wa Kijerumani na bandari ambayo Poland ilikuwa na haki nayo. Hata hivyo, hadithi ya ukoo wa mhusika mkuu haianzii mjini. Inaanzia bara, katika shamba la viazi, kwa Anna Bronski wa jamii ya Wakashubi, Waslavi ambao kila upande uliwaona kuwa pungufu. Kwa uteuzi huo, Grass anaonyesha kwamba uwililugha wa bandari umesimama juu ya mabega ya watu wa bara.

Mombasa nayo iliwahi kuwa mji-dola chini ya Mazrui, hadi 1837, na bara lake lilifika Ukambani, zikiwemo Kitui na Makueni za leo. Misafara ya Wakamba iliteremsha pembe za ndovu pwani muda mrefu kabla ya misafara ya pwani kuzoea kupanda bara. Aliyeteremka ndiye aliyehitaji lugha ya pili. Hata baada ya reli kupita Kibwezi na Makindu na kufika Nairobi mwaka 1899, mwelekeo haukugeuka: kijana wa Makueni aliyetafuta kazi bandarini alihitaji Kiswahili, ilhali mwenyeji wa bandari hakuhitaji Kikamba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Inaweza kupingwa kwamba mzigo huu ulikuwa pia mtaji. Hoja hiyo ina uzito. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, hakuwa mnyonge. Biashara yake ilitegemea kuzijua pande zote mbili. Ni yeye aliyempa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na makao Rabai, habari za mlima wenye theluji, ambao Krapf aliuona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Mwaka 1850 Krapf alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwa mojawapo. Kivoi aliuawa mwaka 1851. Jina la mlima, kwa matamshi yanayohusishwa na Wakamba, lilipita katika kalamu ya Krapf, na mwaka 1920 likawa jina la koloni.

Hapa ndipo mtaji unapotengana na mwenye mali. Kitabu kinabeba jina la mwandishi. Waliomtamkia maneno hayo hawamo jaladani. Kosa la kimaadili halimo katika kukopa neno, kwani lugha zote hukopa. Limo katika kuuhesabu ujuzi wa msemaji kuwa malighafi, na maandishi ya mkusanyaji kuwa elimu.

Kwa hiyo mhakiki anayeusoma mji wa lugha mbili, uwe wa historia au wa kubuni, hana budi kutoka nje ya kuta zake. Aulize ni mhusika yupi anayefasiri, anafasiri kwa hiari au kwa dhiki, na kama masimulizi yanamtaja kwa jina. Mji unaomsahau mkalimani wake una lugha mbili, lakini una kumbukumbu ya upande mmoja.