Simama Mbele ya Madiwani

Mtoto wa mbwa anayerukaruka nyuma ya kioo cha duka ana mama, na mama huyo huonyeshwi. Sheria ya taifa ya Marekani inamruhusu mfugaji wa biashara kumweka mbwa katika kizimba kinachomzidi urefu kwa sentimita 15 hivi, na kwa kimo vivyo hivyo juu ya kichwa. Hata sakafu ya waya inakubalika, mradi miguu haipenyi. Mama anazalishwa humo, watoto wanapakiwa kwenye gari wakiwa wachanga, na mteja anakutana nao wakiwa wameoshwa na kuchanwa manyoya.

Wewe unayesoma haya ukiwa mji mkubwa au mji mdogo usiojulikana, usingoje Washington ikataze biashara hii. Anzia kwa madiwani wa mji wako, kwa sababu huko ndiko tunakoshinda au kushindwa vita hivi. Albuquerque ilipiga marufuku maduka kuuza mbwa na paka mwaka 2006. West Hollywood, mji ambao gari huuvuka kwa dakika chache, ulifuata 2010, kisha Los Angeles 2012. Miji ikaongezeka hadi jimbo zima la California likatunga sheria mwaka 2017. Dallas ilipitisha katazo lake 2022, na mwaka huohuo gavana wa New York akatia saini la jimbo lake. Kabla ya gavana kushika kalamu, kulikuwa na watu wasio na cheo waliosimama kwenye vikao vya jioni na kusema.

Nawe una nafasi hiyo. California, kwa mfano, sheria inawalazimisha madiwani kumpa nafasi ya kusema yeyote aliyehudhuria kikao, awe raia au mgeni. Miji mingi hutoa dakika mbili au tatu. Zinatosha! Kiingereza chako chenye lafudhi ya Mombasa au Lubumbashi kinatosha pia. Waeleze habari za kizimba. Kama wewe ni Mwislamu, umekua ukisikia kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Basi usiogope kuwaambia kwamba jambo hili linagusa imani yako.

Mwenye duka atasimama pia, na msimdharau, maana ana watoto wa kulisha. Mwambieni hakuna anayemtaka afunge. Auze chakula, kamba na vitanda, na awape vituo vya wanyama walioachwa nafasi ya kuwatafutia makao dukani kwake.

Hapo ndipo muwe macho zaidi. Sheria ya kwanza ya California iliruhusu maduka kuuza wanyama waliotoka kwa waokoaji. Zikazuka taasisi za uokoaji za jina tu, zilizopitisha watoto wa mbwa kutoka kwa wafugaji walewale, na jimbo likalazimika kuziba pengo hilo kwa sheria nyingine ya 2020. Kwa hiyo ombeni rasimu ya sheria ndogo na msome kila kifungu. Duka lisilipwe hata senti kwa mnyama, na sungura atajwe pamoja na mbwa na paka.

Wapo watakaosema watu watanunua mtandaoni. Uingereza imejibu: tangu Aprili 2020, England inataka mtoto wa mbwa auzwe na aliyemzalisha, mahali alipozaliwa, mnunuzi akimwona pamoja na mama yake. Sheria hiyo inaitwa kwa jina la Lucy, mbwa aliyeokolewa kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Wales, nyonga zikiwa zimekakamaa kwa kufungiwa.

Mnaweza kushinda na bado mkapokonywa. Bunge la Arizona lilitunga sheria mwaka 2016 iliyolifuta katazo la jiji la Phoenix. Kwa hiyo mpigieni simu mbunge wa jimbo lenu tangu siku ya kwanza.

California, kwa mfano, ajenda ya kikao cha kawaida hubandikwa saa 72 kabla. Kaisome ya mji wako wiki hii, chukua majirani wawili, na mwende mapema mkajiandikishe kusema.